Namna ya kuwafundisha wachungaji wa mashariki ya Kongo ukiwa Nairobi

Kamati nyingi za misheni hapa Nairobi zina Goma, Bukavu, Bunia au Uvira kwenye orodha ya maombi. Mwongozo huu ni wa kamati inayotaka, pamoja na maombi hayo, kutoa mafundisho: kuwasaidia wachungaji, wazee wa kanisa na akina mama viongozi wa Kivu na Ituri, sehemu ambazo vita viliingia mwaka 1996 na mpaka leo watu bado wanakimbia na magodoro kichwani. Mchungaji wa huko mwenye miaka 30 amezaliwa na kulelewa ndani ya vita hivyo, na amejifunza uchungaji kwa kuzika watu.

Ushauri wangu mkuu nautoa mapema kwa sababu hatua zote zinautegemea: usimtoe mchungaji kwa watu wake. Ukimleta Nairobi asome miaka mitatu, kanisa lake linabaki bila mtu wakati linamhitaji kuliko wakati wowote, na mara nyingi harudi. Simlaumu. Watoto wakishapata shule Kayole na usiku ukapita bila mlio wa risasi, mzazi gani atawarudisha? Kwa hiyo panga mafunzo mafupi, yaliyo karibu na anakoishi, yanayorudiwa mara kwa mara, na kila anapoondoka darasani awe na kazi ya kwenda kufanya kanisani kwake.

Hatua ya kwanza: waendee Wakongo walio jirani yako

Kabla ya kuandika bajeti, tembelea makanisa ya Wakongo ya Kayole, Githurai, Kasarani au Kabiria. Mengi yanakutana kwenye kumbi za kukodi, na ibada zinachanganya Kiswahili, Kifaransa na lugha za nyumbani. Nenda Jumapili kama muumini mwingine yeyote. Ukipewa nafasi ya kusalimu, salimu na ukae. Rudi Jumapili inayofuata, kisha omba kuzungumza na mchungaji na wazee wake.

Utakuta humo watu waliokuwa wachungaji au walimu wa vyuo vya Biblia kabla ya kukimbia, ambao leo wanashona nguo au wanauza vitenge ili walipe kodi ya nyumba. Hao ndio walimu wako wa kwanza. Wanajua Kiswahili cha Bukavu kilivyo tofauti na chetu, wanajua barabara ipi inapitika, na wakisema neno kuhusu kupoteza nyumba, msikilizaji anajua wanasema wanachokijua. Wengine wako kambini Kakuma. Ukitaka kuwaalika Nairobi, kumbuka mkimbizi anahitaji kibali cha kusafiri kutoka kambini, na kibali huchukua muda. Kiombeni mapema ili mtu asije akasumbuliwa na polisi njiani kwa sababu ya semina yenu.

Tahadhari moja kubwa: usitegemee mshauri mmoja. Majeraha ya kikabila ya Kivu na Ituri yamesafiri na watu hadi hapa mjini. Kama mtu anayewaongoza ni wa upande mmoja tu, habari zitafika kule kabla yenu, na nusu ya wachungaji hawatakuja. Tafuta angalau watu watatu wa jamii tofauti, waketi meza moja, na uwaache wabishane juu ya orodha ya waalikwa. Mabishano hayo yakichukua mwezi mzima, ni mwezi uliotumika vizuri.

Hatua ya pili: bisha hodi kwa wenye nyumba

Makanisa mengi ya Kiprotestanti ya Kongo yako chini ya mwavuli mmoja, Kanisa la Kristo katika Kongo, linalojulikana kwa kifupi chake cha Kifaransa, ECC. Ndani yake kuna jumuiya, nyingi zikitambulishwa kwa namba: jumuiya ya 3 ni ya Wabaptisti, CBCA, yenye makao Goma, ya 5 ni CELPA na ya 8 ni CEPAC, zote za Kipentekoste, zenye mizizi Bukavu, ya 20 ni CECA, yenye nguvu Bunia na Ituri. Kila jumuiya ina kiongozi wake mkuu, na chini yake wasimamizi wa wilaya za kanisa.

Andika barua kwa kiongozi huyo na nakala kwa msimamizi wa eneo. Iwe kwa Kifaransa sahihi, hata kama mtazungumza Kiswahili mkikutana. Eleza mnataka kufundisha nini, kwa muda gani, na nani anagharimia. Mgeni anayekwenda moja kwa moja kwa wachungaji wa vijijini anaonekana anakuja kuanzisha kanisa lake, na jambo hilo limewaumiza sana huko. Uliza pia vyuo vyao vinafanya nini tayari: kuna Chuo Kikuu cha Shalom kule Bunia, Chuo Kikuu Huria cha Nchi za Maziwa Makuu (ULPGL) kule Goma, na Chuo Kikuu cha Kiinjili katika Afrika kule Bukavu. Wana walimu wazuri kuliko wengi mtakaowatoa Nairobi. Tatizo la mchungaji wa kijijini ni kwamba hana diploma ya serikali ya kumaliza sekondari, hana karo, na hawezi kuliacha shamba. Nafasi yenu iko hapo, kati ya chuo na kijiji.

Hatua ya tatu: chagua watu wawili wawili

Kundi la watu 16 hadi 20 linatosha. Kila kanisa lilete watu wawili: mchungaji pamoja na mtu mwingine anayebeba kazi naye, awe mkewe, mzee wa kanisa au mwalimu wa shule ya Jumapili. Nasisitiza hili kwa sababu ya vita. Siku watu wanapotawanyika, mmoja ataelekea kwa ndugu zake na mwingine atabaki na waumini, na mafunzo hayatapotea na mtu mmoja.

Theluthi moja ya kundi wawe wanawake, bila kusubiri jumuiya ikubali kuwawekea mikono kuwa wachungaji. Kule Kivu mama mchungaji ndiye anayegongewa mlango usiku na msichana aliyeshambuliwa akitoka shambani. Yeye ndiye wa kwanza kusikia, na kwa kawaida hakuna aliyewahi kumfundisha aseme nini. Nyinyi pia pelekeni mwalimu mwanamke. Darasa la wanaume watupu likiongozwa na wanaume watupu litayapitia mambo hayo juu juu.

Hatua ya nne: muda, mahali na usalama

Siku tano kila baada ya miezi mitatu, kundi lile lile, kwa miaka miwili. Mtindo huu si mgeni. Mwaka 1963, seminari moja ya Kipresbiteri nchini Guatemala iliona kwamba viongozi wa makanisa ya vijijini wana familia na mashamba, hawawezi kuhamia chuoni, ikaamua mwalimu awafuate. Afrika Mashariki tumeutumia kwa miaka mingi kwa jina la Elimu ya Theolojia kwa Enezi. Kwenye vita unafaa zaidi, kwa sababu darasa linaweza kuhama.

Acha wenyeji wachague mji na tarehe. Wanajua msimu wa kupanda, wiki ya karo na barabara inayokatika mvua ikinyesha. Kwa Goma, mjue kwamba uwanja wa ndege ulifungwa baada ya waasi wa M23 kuuteka mji mwishoni mwa Januari 2025, na benki zikafunga milango. Tangu hapo wengi hupita Kigali na kuvukia mpakani Gisenyi, upande wa Rwanda, kwa miguu. Hakikisheni hali ilivyo wiki hiyo hiyo mnayosafiri, kwa kumpigia mtu aliyelala Goma jana yake. Bebeni kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Bebeni dola safi zisizo na mkunjo wala tundu, kwa maana noti yenye mpasuko hata wa nusu kucha hurudishwa dukani. Na saa: mashariki ya Kongo iko nyuma ya Nairobi kwa saa moja. Mkipanga kuzungumza kwa simu, andikeni “saa nane mchana ya Goma”, la sivyo kila mara kutakuwa na upande unaosubiri.

Sasa nizungumzie karatasi ya mahudhurio, kwa sababu ni kitu kidogo kinachoweza kuua mtu. Tumezoea hapa Nairobi: jina kamili, kanisa, kijiji, namba ya simu, sahihi. Wafadhili wanaipenda. Fikiria karatasi hiyo ikikutwa mfukoni mwa dereva kwenye kizuizi cha barabarani, na mtu mwenye bunduki akaanza kuisoma: majina haya ni ya kabila gani, vijiji hivi viko upande gani wa mstari wa vita, kwa nini watu wa pande mbili walikaa pamoja siku tano? Msibebe orodha ya namna hiyo. Mhasibu apewe idadi na stakabadhi za chakula na malazi. Majina yabaki kwa msimamizi mmoja mwenyeji, na hata yeye ayaweke kwa namna atakayoona ni salama. Picha za nyuso zisiwekwe mtandaoni, hata mwenye uso akikubali, kwa kuwa hajui nani atashika mji wake mwaka ujao. Mfadhili asiyekubali masharti hayo, mwelezeni kwa upole, na akikataa kabisa, tafuteni mwingine.

Hatua ya tano: fundisha kwanza kile watakachokutana nacho Jumatatu

Makosa ya silabasi nyingi ni kuanza na utangulizi wa Agano la Kale halafu kwenda mbele sura kwa sura. Maandiko yote yana nafasi yake na miaka miwili inatosha kuyafikia. Lakini juma la kwanza lianze na mazishi.

Fanya hivi. Gawa darasa katika makundi ya watu sita. Mmoja awe mama aliyekimbia kutoka Sake kwenda Goma, akampoteza mwanawe njiani, na hajui kama alizikwa wala na nani. Mwingine awe mchungaji aliyekuja kumwona. Waliobaki ni ndugu na majirani. Kwa dakika kumi za kwanza mchungaji haruhusiwi kufungua Biblia wala kuomba. Anaruhusiwa kuuliza jina la mtoto, umri wake, alipenda nini, na kunyamaza. Utaona wachungaji wazoefu wanavyohangaika na dakika hizo kumi. Mikono inakwenda kwenye Biblia yenyewe. Mmoja atasema “Mungu ana mpango wake,” na hapo msimamishe, umwulize yule aliyeigiza mama alijisikiaje. Jibu lake lina nguvu kuliko mahubiri yako.

Baadaye ndipo msome pamoja Zaburi ya 13, inayomuuliza Mungu atasahau hadi lini, kisha ya 88, inayoisha gizani bila neno la faraja. Wape nafasi washangae kwamba sala kama hiyo imo katika Biblia yao na hawajawahi kuihubiri. Halafu kila kundi litunge ibada ya matanga bila mwili: jina linatajwa vipi, nani anasema habari za marehemu, wimbo gani, lini familia inaambiwa sasa inaweza kuacha kusubiri. Watoke na karatasi hiyo mkononi. Nina hakika wataitumia kabla ya semina ya pili.

Jambo la pili ni wanawake na wasichana waliobakwa, na wanaume pia, ambao ni wagumu zaidi kusema. Fundisheni mambo machache na myarudie hadi yakae. Mtu huyo afike hospitalini upesi iwezekanavyo, kwa kuwa dawa ya kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI inapaswa kuanza ndani ya saa 72. Asikemewe, asiombewe toba, asiulizwe alikuwa amevaa nini. Habari zake zisifike kwenye maombi ya mkesha. Mume wake anahitaji kuketi na mzee wa kanisa anayemheshimu kabla hajamfukuza nyumbani. Andikeni majina ya vituo vilivyo karibu: Bukavu kuna Hospitali ya Panzi, iliyo chini ya jumuiya ya CEPAC, ambayo daktari wake Denis Mukwege, mwana wa mchungaji, alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, Goma kuna HEAL Africa. Vijijini, uliza zahanati ipi ina dawa hizo na uende ukaone kwa macho kama zipo.

Tatu, watoto wanaoitwa wachawi. Vita na umaskini vinapoleta vifo visivyoeleweka, kidole huelekezwa kwa yatima aliyechukuliwa na shangazi au mama wa kambo, na mara nyingine anayethibitisha ni mtumishi wa Mungu. Sheria ya Kongo ya kumlinda mtoto, ya Januari 2009, imefanya tuhuma hiyo kuwa kosa la jinai. Isomeni darasani kwa Kifaransa na kuieleza kwa Kiswahili. Wengi hawajawahi kuisikia. Baada ya sheria, jadilini kwa kina na kwa heshima hofu yenyewe, maana mchungaji anayeicheka hofu ya waumini wake atawapoteza kwa mganga.

Nne, chuki ya kikabila mimbarani. Hapa mwalimu kutoka Nairobi awe mnyenyekevu. Wakenya tuliona mwaka 2007 na 2008 jinsi makanisa yalivyogawanyika kwa ukabila, na tuliona watu wakichomwa ndani ya kanisa Kiambaa. Simulia hayo. Yanafungua midomo kuliko kumwambia Mhema na Mlendu, watu wa makabila mawili ya Ituri yaliyopigana, wapendane.

Magonjwa yapewe nusu siku. Mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 Kivu Kaskazini na Ituri uliua watu zaidi ya 2,200, na mahali wachungaji walipokubali mazishi salama na kuwaeleza watu sababu, timu za afya zilipokelewa kwa urahisi zaidi. Vitabu vya fedha za kanisa, kuandaa mahubiri, mafundisho ya msingi ya imani: hayo mnayajua, yapangeni katika semina zinazofuata.

Hatua ya sita: vifaa vichache

Kijitabu kimoja kwa kila semina, kurasa 40 zisizidi, kichapwe River Road na kufungwa kwa waya ili kifunguke mezani. Kabla ya kuchapa, mpeni Mkongo wa Bukavu na mwingine wa Bunia wakisome na kubadilisha maneno. Ulizeni wanatumia Biblia ya tafsiri ipi kabla ya kununua. Masomo yote yarekodiwe kwa sauti na kuwekwa kwenye kadi ndogo za kumbukumbu za simu (memory card), kwa sababu kadi inaingia kwenye pindo la nguo na kitabu kinaachwa nyuma mtu anapokimbia. Taa ndogo ya sola yenye sehemu ya kuchajia simu ni zawadi bora kuliko mkoba wenye jina la kanisa lenu.

Hatua ya saba: fedha

Lipeni nauli halisi, malazi na chakula. Bugali (ugali wa huko), sombe (kisamvu) na maharage yapikwe na akina mama wa kanisa mwenyeji, nao walipwe. Msitoe posho ya kuhudhuria. Ikianza, mtapata wanaokuja kwa posho, na siku itakapokwisha darasa litakwisha nayo. Hata hivyo mchungaji anayetoka shambani siku tano ana hasara ya kweli, kwa hiyo zungumzeni na kanisa lake lipalilie shamba lake wiki hiyo. Ni njia nzuri pia ya waumini kuyamiliki mafunzo. Mishahara ya wachungaji msiiguse kabisa. Mkitaka kusaidia kipato, toeni mbegu au cherehani kwa kanisa zima na wazee waandike daftari.

Kutuma pesa, Kongo nao wana M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, lakini zao ni akaunti za Kongo, kwa dola au faranga. Mwombeni mhasibu wa jumuiya apokee, na watu wawili watie sahihi.

Hatua ya nane: kati ya semina

Fungueni kundi la WhatsApp la walimu na wanafunzi, na mkubaliane kwamba hakuna habari za kijeshi, hakuna video za maiti, hakuna siasa. Kila wiki mwalimu atume ujumbe wa sauti wa dakika tano wenye swali moja kuhusu kazi waliyopewa, na wanafunzi wajibu kwa sauti wanapopata mtandao. Usihesabu majibu ya siku hiyo hiyo. Mwingine hupanda kilima mara moja kwa juma kutafuta mawimbi. Mtu akinyamaza wiki tatu, apigiwe mwenziwe wa kanisa lile lile.

Vyeti vitolewe, vikitaja saa za masomo na mada zilizosomwa, vikiwa na muhuri wa jumuiya yao. Msiahidi diploma msiyo na mamlaka ya kuitoa.

Hatua ya tisa: mwaka wa pili, kaeni nyuma

Kuanzia semina ya tano, nusu ya masomo yafundishwe na wanafunzi wenyewe, na mwalimu wa Nairobi aketi nyuma akiandika. Kufikia semina ya nane, yeye awe anafundisha somo moja tu. Kila wawili waliohitimu wachague makanisa manne jirani na kuanza upya nayo kwa kijitabu kile kile, na nyinyi mlipie uchapaji.

Jiandaeni pia kwa semina itakayovunjika. Itavunjika. Kundi ligawanywe tangu siku ya kwanza katika vikundi vya watu wanne, kila kimoja na kiongozi wake. Vita vikisogea, kiongozi anawatafuta watatu wake na kuuliza mambo matatu: uko wapi, kanisa gani limekupokea, waumini wako wangapi wako nawe. Majibu yanakwenda kwa msimamizi mwenyeji, naye anaipigia kamati yenu. Fedha zilizokuwa za ukumbi na chakula zitumike kuwafikishia maturubai na unga, na tarehe mpya ipangwe karibu na kambi walikofikia wengi wao, hata ikiwa darasa litakuwa chini ya mwembe na siku tatu badala ya tano.